Riwaya za picha: Kiolesura duni na kazi ya mashine humpoteza msomaji

RIWAYA ya picha ya kidijitali ni hadithi inayosomwa kwenye tarakilishi au simu. Picha ya mahali huwa nyuma, sura ya mhusika mbele, na maneno yake katika kisanduku chini. Msomaji hugusa skrini ili kuendelea na, mara kwa mara, hutakiwa kuchagua la kutenda. Uamuzi wake hugeuza mkondo wa kisa. Sanaa hii ilikomaa Japani katika miaka ya 1980 na 1990.

Kwa watunzi wa kujitegemea, mlango ulifunguka zaidi mnamo 2004, Tom Rothamel alipotoa Ren'Py, programu ya bure ya kuundia riwaya hizo. Doki Doki Literature Club, iliyotolewa 2017 na kupata wasomaji kote duniani, iliundwa kwayo. Kijana wa Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, akipata tarakilishi anaweza kuitumia kusimulia maisha ya kwao bila kulipia programu hata senti.

Hata hivyo, urahisi huo umeandamana na kasoro mbili, na zote humwangukia msomaji.

KIOLESURA

Kiolesura ni sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: vitufe, menyu, ukubwa wa herufi. Ren'Py humpa mtunzi kiolesura cha kuanzia, na wapo wanaokiacha kilivyo. Matokeo yake ni maandishi meupe juu ya picha nyeupe, vitufe vilivyosongamana hadi kidole kigusapo kimoja hukamata kingine, na hadithi ya Kiswahili yenye menyu ya Kiingereza.

Mfikirie mkazi wa Karagita aliyerejea jioni kutoka shambani, akisoma kwenye simu ya bei nafuu, mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa ili betri isiishe. Akishindwa kuona kitufe cha kuhifadhi alikofikia, kesho atalazimika kuanza upya. Huenda asianze.

Kipimo kizuri tunacho nyumbani. M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilienea kwa menyu fupi ya maandishi: hatua moja baada ya nyingine, na ombi la kuthibitisha kabla ya pesa kuondoka. Haikuwa na urembo, lakini ilimjali mtumiaji.

AKILI UNDE

Kasoro ya pili ni maandishi na picha zinazozalishwa na akili unde. Mtunzi asiye na fedha za kumlipa mchoraji hudhani ameokoka. Lakini uso wa mhusika hubadilika kutoka onyesho moja hadi jingine, mkono huota kidole cha sita, na shamba la waridi huweza kufanana na bustani za Uholanzi badala ya vivungulio vya plastiki vya Naivasha.

Katika lugha hasara ni kubwa zaidi. Nyanya, makanga na msimamizi wa shamba huzungumza Kiswahili kimoja cha vitabuni, ilhali Karagita Kiswahili hukutana na Sheng na lugha za jamii mbalimbali zilizofuata ajira huko. Riwaya ya picha hutegemea mazungumzo. Wahusika wakiwa na sauti moja, kisa hakisimami.

Kenya imewahi kuonyesha njia nyingine. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza 2010, liliandikwa kwa Sheng, likachorwa na wasanii wa humu nchini na kugawiwa bure. Mnamo 2012 lilitunukiwa tuzo ya Kimataifa ya Emmy.

Isitoshe, akili unde hutegemea jasho la watu. Januari 2023, jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya waliosoma na kuainisha maandishi ya kuchukiza ili kuisafisha ChatGPT walikuwa wakipokea chini ya dola 2 kwa saa.

Januari 2024, kampuni ya Valve, inayomiliki duka la michezo la Steam, ilianza kuwataka watunzi waeleze iwapo wametumia akili unde, na maelezo hayo huonyeshwa kwa mnunuzi.

YA KUZINGATIA

Mtunzi chipukizi azingatie haya:

- Asome kazi yake yote kwenye simu ndogo, juani na gizani. Ren'Py ina mpangilio wa skrini ndogo, lakini huo ni mwanzo tu.

- Atafsiri menyu yote, na aweke kitufe cha kuhifadhi mahali pa wazi.

- Ampe mkazi wa mahali anapopasimulia asome mazungumzo kwa sauti. Anapokwama, hapo parekebishwe.

- Asipoweza kumlipa mchoraji, atumie vivuli vya watu au picha za mandhari alizopiga mwenyewe.

- Akitumia akili unde, aseme wapi na kwa kiasi gani.

Hakuna hata moja kati ya haya linalodai mtaji mkubwa. Linalohitajika ni muda, na kumkumbuka msomaji ambaye naye ametoa muda wake baada ya kazi ya kutwa.