Bibi Titi Mohamed na Nyumba ya Kupangisha

Mtu atokaye Lemara kwenda Kaloleni, papo hapo Arusha mjini, hufika kwenye jumba la zamani la mikutano ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, ikapitisha masharti ya uongozi. Kwa ajili ya masharti hayo Bibi Titi Mohamed alijiuzulu Kamati Kuu mwaka uleule. Habari hii husimuliwa kwa haraka mno, kana kwamba ilikuwa tamaa ya mali tu. Nami naona yafaa itazamwe upya.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Alisoma miaka michache, akaozwa angali kijana. Kilichomtambulisha mjini kwanza ni sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha Bomba. Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza wakuu wa TANU wanawake wao wako wapi. Ndipo Bibi Titi alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza chamani. Hakuanza kwa barua wala kwa makaratasi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na wakuu wao, michango yao na desturi ya kualikana. Kufikia Oktoba ya mwaka huo wanawake waliojiunga walihesabiwa kuwa 5,000. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kupima maenezi ya Kiswahili kwa shule na magazeti. Ngoma hizi tumezisahau, nazo ndizo zilizokifanya kuwa lugha ya siasa kwa watu wasiosoma.

Baadaye akawa mbunge, akawa Waziri Mdogo, na mwaka 1962 mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Katika uchaguzi wa 1965 alishindwa.

Sasa tuirudie nyumba. Katika miji ya pwani mwanamke aliyeachwa au kufiwa na mume hakuwa na kazi nyingi za mshahara. Lakini sheria ya Kiislamu humpa mali iliyo yake mwenyewe, isiyoondoka kwa talaka. Na nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vya huku na huku vya ukumbi, ilimwezesha kulala chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Kodi ya vyumba ilikuwa ngao yake. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na likamhesabu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Waliolitunga hawakukosa sababu: walichelea viongozi wageuke makabaila katika nchi ya maskini. Hata hivyo, sharti lililokuwa sawa kwa wote katika maneno halikuwa sawa katika uzito, maana mwanamume aliyeacha nyumba alibaki na njia nyingine za riziki. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akachagua nyumba.

Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 alisamehewa na kuachiwa. Kwa muda mrefu jina lake halikutajwa hadharani, mpaka nchi iliposherehekea miaka 30 ya Uhuru mwaka 1991. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba, 2000, na barabara moja kubwa ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake.