Mji uliogawanywa kwa mawe na makuti

Kama wewe ni mgeni Dar es Salaam na una asubuhi moja tu, achana na bajaji. Anzia Old Boma, pale Sokoine Drive karibu na boti za Zanzibar, utembee hadi Kariakoo. Ni mwendo wa nusu saa hivi, na njiani utavuka mipaka miwili isiyo na kibao.

Old Boma ilijengwa kwa mawe ya matumbawe miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipoanzisha mji wake mpya hapa. Alifariki 1870, mji ukadorora, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Upande wa mashariki, kuelekea Ikulu ya leo, wakajipimia mitaa mipana yenye miti na bustani. Ndiyo Uzunguni.

Panda hadi Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Amesimama hapo tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, ikang'olewa na Waingereza. Wageni wengi hupiga picha hapo wakageuza. Kwangu mimi, utamu ndio kwanza unaanza.

Endelea hadi Mtaa wa India na Jamhuri. Majengo yanabanana, duka chini, makazi juu, roshani zinachungulia barabara. Umeingia Uhindini. Sasa jiulize: nani alichora mstari?

Kanuni za ujenzi za Wajerumani, ambazo Waingereza waliziendeleza, ziligawa mji katika kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili ya biashara na makazi, na ya tatu ndiyo iliyoruhusu nyumba za udongo na makuti. Kigezo kwenye karatasi kilikuwa aina ya jengo. Lakini kuli wa bandarini angepata wapi hela ya kujenga kwa mawe na saruji? Mfuko wake ulimpeleka kanda ya tatu, na serikali ikabaki na mikono safi. Ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuushtaki, maana hauna sentensi ya kuinyooshea kidole.

Mbele kidogo mji unafunguka ghafla: Mnazi Mmoja. Leo watu hupumzika chini ya miti, lakini uwazi huu ulipangwa makusudi na wakoloni, kutenganisha "mji wa wenyeji" na ule mwingine. Hoja kubwa ilikuwa afya, hasa malaria. Ukiipima kisayansi haisimami. Mbu wa Anopheles anaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na uwanja huu unauvuka kwa dakika chache. Halafu wapishi, mayaya na madobi wa Uzunguni walikuwa wakipita humo kila siku!

Ng'ambo ya uwanja ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Hapa panaanza Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na ni kwenye mtaa huu, upande wa makuti, TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Sokoni ni mitaa michache tu mbele. Simu yako iweke mfuko wa mbele.