Masanduku ya pikipiki ya safari: keria kwanza, sanduku baadaye

Siku hizi ukisimama kwenye kituo cha mafuta pale Kilifi au Garsen mwisho wa wiki, hukosi kuona pikipiki kubwa za safari zikipita na masanduku matatu: mawili ubavuni na moja nyuma. Zamani tulidhani hizo ni za wazungu tu. Leo vijana wetu wenyewe wanazo Royal Enfield Himalayan, Honda Africa Twin na BMW za GS. Wapo wanaokwenda Lamu, na wapo wanaovuka Lunga Lunga kuelekea Tanga.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: ninunue sanduku gani? Mimi huwajibu kwa swali: utalifunga kwenye nini? Sanduku likichomoka ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hasara si nguo peke yake. Hicho ni chuma cha kilo 15 kinachobingirika mbele ya matatu iliyo nyuma yako. Na likining'inia bila kuchomoka, linaweza kuivuta pikipiki ikaanguka, wewe na uliyempakia. Kwa hiyo leo nitaeleza namna ya kuchagua masanduku haya na namna ya kuyafunga, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Piga hesabu ya uzito kwanza

Kila pikipiki ina kiwango cha mwisho cha uzito ambacho mtengenezaji ameruhusu. Kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye kibati au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Kiwango hicho ni jumla ya kila kitu: pikipiki, mafuta, wewe, uliyempakia na mzigo.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwango ni kilo 400, na pikipiki ikiwa na tanki kamili ni kilo 220. Zimebaki 180. Wewe na helmeti na buti zako ni 85. Mke wako na helmeti yake ni 65. Zimebaki 30. Masanduku mawili ya alumini matupu pamoja na keria yake hufika kilo 15 au 16 bila shida. Kilichobaki ni kilo 14 tu kwa nguo, spana, maji na zawadi za nyumbani kwa wakwe.

Hesabu hii huwashangaza wengi, na ndiyo sababu naiweka mbele. Ukishaifanya utagundua kwamba sanduku kubwa zaidi si bora zaidi. Nafasi ikiwepo, mtu huijaza.

Plastiki, alumini au mfuko laini

Masanduku magumu yana faida tatu: yanafungwa kwa ufunguo, yanazuia mvua na vumbi, na hayapigwi na upepo yakapoteza umbo. Ubaya wake ni uzito na upana. Pikipiki ikilala kwenye mchanga, sanduku gumu linaweza kuukandamiza mguu wako. Mfuko laini hubonyea. Anayepita zaidi kwenye mchanga na njia za porini, mimi humshauri achukue mifuko laini. Anayekwenda zaidi kwenye lami na changarawe, na anayelala mjini anakoacha pikipiki nje, sanduku gumu linamfaa.

Plastiki ni nyepesi, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Ikigongwa kidogo hurudi ilivyokuwa, lakini ikipigwa sana hupasuka, hasa kwenye bawaba na kwenye kitasa. Jua letu pia huila polepole: plastiki ya bei rahisi hupauka, kisha hukauka na kuwa kama kigae.

Alumini ikigongwa hubonyea, na fundi wa bati anaweza kuinyoosha kwa nyundo na kipande cha mbao. Angalia unene wa bati, milimita 1.5 ni nzuri. Angalia pembe kama zimeongezwa nguvu, na ukinge kwamba mpira wa mfuniko unazunguka pote bila pengo. Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: alumini isiyopakwa rangi ndani hutoa unga mweusi inaposuguliwa, na kanzu nyeupe haitapona. Weka mfuko wa ndani. Mfuko huo una faida nyingine. Ukifika Mokowe, pikipiki inabaki bara na wewe unapanda boti kwenda Lamu. Unachomoa mfuko kwa mpini, masanduku unayaacha yamefungwa.

Ukubwa na upana

Masanduku ya ubavuni mengi huwa kati ya lita 30 na 45 kila moja. La upande wa bomba la moshi mara nyingi huwa dogo ili lipate nafasi. Kwa safari ya siku nne au tano, jozi ya lita 30 hadi 35 inatosha kabisa.

Kipimo changu cha upana ni usukani. Masanduku yasizidi upana wa usukani wako, kwa sababu macho yako na mikono yako imezoea kupima njia kwa usukani. Usukani ukipita, na masanduku yapite. Mtu mwenye masanduku yaliyotokeza kando aingie feri ya Likoni asubuhi moja tu, kati ya watu, mikokoteni na magari, atanielewa.

Sanduku la nyuma, lile la juu, ndilo linalopendwa zaidi na ndilo lenye hatari zaidi. Linakaa juu na nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo kila kilo unayoitia inanyanyua gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na ukiongeza mwendo unaanza kutikisika. Watengenezaji wengi huandika ndani ya mfuniko kilo zisizopaswa kuzidi, na mara nyingi ni kilo 10 au chini ya hapo. Kampuni ya Givi ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Giuseppe Visenzi, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, huandika hivyo. Aliyejua mwendo ndiye aliyeweka kikomo, basi na tumsikize.

Keria ndiyo inayobeba

Sanduku zuri kwenye keria mbovu ni sawa na mlango wa msaji kwenye ukuta wa udongo. Keria ya ubavuni iwe ya bomba la chuma la mviringo, lenye kipenyo cha milimita 16 hadi 18. Kila upande ishikwe mahali pasipopungua patatu kwenye fremu yenyewe, sio kwenye plastiki wala kwenye kishikio cha abiria. Kisha kuwe na chuma kinachounganisha keria ya kushoto na ya kulia kwa nyuma. Bila chuma hicho, kila upande unacheza peke yake na bolti zinakatika moja moja.

Mara nyingi kinachokatika kwanza ni ile sehemu ya fremu iliyo chini ya kiti. Mwaka 2004 Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kwa BMW kutoka London hadi New York kupitia Asia, wakiwa na mizigo mizito. Walipofika Mongolia, fremu ya pikipiki ya mpigapicha wao, Claudio von Planta, ilivunjika. Hao walikuwa na pikipiki mpya na gari za msaada. Sisi na changarawe za Ganze, Magarini na Tana Delta tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Mafundi wetu wa jua kali wanaweza kutengeneza keria nzuri, nami siwadharau hata kidogo. Lakini shikilia masharti mawili. La kwanza, fundi asichomelee chochote kwenye fremu ya pikipiki. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu pembeni ya kiungo. La pili, keria ichomelewe ikiwa imetolewa kwenye pikipiki. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye pikipiki ya kisasa unaweza kuunguza kompyuta ya injini au ya breki, na hapo utalipa mara kumi ya bei ya keria.

Namna ya kufunga

Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya katikati au umpe mtu akushikie. Tia bolti zote kwa mkono kwanza, zikiwa legevu. Usikaze hata moja mpaka zote zimeingia. Ukikaza ya kwanza, ya mwisho haitafika kwenye tundu, utaanza kuilazimisha kwa nyundo, na keria itakaa na mvutano hadi siku itakapopasuka. Pakiwa na pengo, weka kipande cha bomba kinacholingana, usilivute kwa bolti.

Tumia bolti ngumu, zile zenye alama ya 8.8 kichwani. Weka washa pana, na nati zenye nailoni ndani au gundi ya nyuzi za bolti. Ukiwa na spana ya kupimia, bolti ya milimita 8 hukazwa kama Nm 25 na ya milimita 6 kama Nm 10, ila kitabu cha pikipiki kikisema vingine kifuate hicho. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma. Bolti ikilegea, mstari utakatika na utaona kwa jicho bila spana.

Kisha weka masanduku matupu na ukague: Je, abiria ana nafasi ya miguu? Ukishusha miguu chini na kuirudisha nyuma, ndama za miguu zinagonga sanduku? Indiketa, taa ya breki na namba zinaonekana? Sanduku liko mbali na bomba la moshi kiasi cha vidole vitatu hivi? Mwambie mtu mzito akae nyuma na kurukaruka kidogo uone kama tairi au bomba linagusa chochote.

Kupakia

Vizito viwe chini na karibu na wewe: spana, pampu, maji. Vyepesi viwe juu na nyuma. Pima kila sanduku kwa mizani ya samaki au ya jikoni. Kushoto na kulia zisipishane zaidi ya kilo moja au mbili. Petroli isiwekwe kabisa ndani ya sanduku lililofungwa. Dawa zinazotaka baridi, kama insulini, nazo zisikae humo. Sanduku likianikwa juani huwa tanuri. Pasipoti na pesa zikae mwilini.

Baada ya kupakia, ongeza ugumu wa springi ya nyuma na upepo wa tairi kama kitabu kinavyosema, kisha inamisha taa ya mbele. Mzigo ukishusha nyuma, taa huinuka na kuwapofusha wanaokuja mbele yako.

Jaribu kwanza karibu na nyumbani. Usukani ukianza kutikisika, usikamate breki kwa ghafla. Punguza mafuta polepole, simama, upunguze mzigo wa nyuma.

Chumvi yetu

Vitabu vingi vya masanduku vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Hawaijui hewa ya Mombasa. Alumini ikigusana na chuma kingine mahali penye unyevu wa chumvi, hulika na kuota unga mweupe, na bolti hung'ang'ania isitoke tena. Weka washa ya plastiki au grisi kati ya metali mbili. Ukitoka ufukweni au kwenye feri, osha kwa maji ya bomba, sio ya kisima cha chumvi. Vitasa vitie unga wa grafiti kila baada ya miezi michache.

Kujua kama sanduku linazuia maji, tia gazeti kavu ndani, funga, limwagie maji ya mpira dakika 10, kisha fungua. Fanya hivyo kabla ya masika, usingoje masika ikufanyie.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka

Shika sanduku ulitikise kwa nguvu. Pikipiki yote itikisike. Likitikisika sanduku peke yake, kuna kitu kimelegea. Angalia mistari ya rangi kwenye bolti. Pitisha kidole kwenye viungo vilivyochomelewa utafute ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku barabarani hakuna wa kukujengea. Kaza upya bolti zote baada ya kilomita 100 za kwanza. Njia ikiwa mbovu, fanya hivyo kila jioni.

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, nunua keria nzuri na bolti nzuri. Kwa muda funga begi lako juu yake kwa mikanda. Sanduku litakuja mwezi ujao, in shaa Allah. Sisi Waislamu tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Anayeondoka nyumbani na bolti legevu akasema Mungu atanilinda hajatawakali, ameacha ngamia wazi. Na nyuma yake barabarani kuna watu wengine, wenye watoto kama yeye.