Upinde wa Wahadzabe na Windo la Ngiri

Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wamewinda ngiri na nguruwe pori kwa upinde tangu enzi za mababu. Upinde wao huchongwa kwa mti mgumu kama mkole, na ugwe husokotwa kwa kano za mnyama. Kuuvuta hutaka nguvu ya kilo 30 hivi. Mgeni anayedhani ni mchezo huaibika mapema.

Ndege na wanyama wadogo walitoshwa na mishale ya mti mtupu. Ngiri alidai chuma, nacho kilitoka kwa majirani Wadatoga kwa kubadilishana na asali au nyama. Baadaye misumari ikafuliwa ikawa vigumba. Kigumba hupakwa sumu: panjube, utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa hadi ukawa mweusi na mzito, au shanjo, inayotokana na mbegu zilizotwangwa. Sumu hiyo haiui papo hapo. Kazi kubwa, basi, ni kufuata nyayo na matone ya damu, pengine hadi kesho yake.

Kiangazi, wawindaji huvizia usiku penye maji. Moyo na figo za windo kubwa ni epeme, nyama ya wanaume waliokwisha kupokewa katika mila.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe katika kijiji cha Yaeda Chini wawe wakulima. Maradhi yakazuka, wengi wakarudi porini. Mwaka 2011 baadhi yao walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi, ingawa mashamba na mifugo vilikwisha kumega pori na wanyama kupungua.