Faini ya Jumla Baada ya Moto wa Bweni

Bweni likiungua katika shule ya upili nchini Kenya, hatua zinazofuata zinajulikana mapema. Wanafunzi wanatumwa nyumbani, bodi ya usimamizi inaketi, hasara inakadiriwa, kisha mara nyingi jumla yake inagawanywa kwa idadi ya wanafunzi. Anayerudi hufika langoni na mzazi wake na risiti ya benki. Ninadai kwamba faini hiyo ya jumla, licha ya kuwadhulumu wasio na hatia, inamkinga mchomaji mwenyewe.

Kuwatuma wanafunzi nyumbani kwa ajili ya usalama sikupingi. Asiyeuelewa uzito wa moto wa bweni aikumbuke shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 waliangamia, mlango mmoja umefungwa na madirisha yametiwa vyuma. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto. Mwalimu mkuu anayefunga shule kesho yake anatimiza wajibu. Lakini faini ya langoni haimlindi yeyote. Ni adhabu, na adhabu hudai hatia iliyothibitishwa.

Tumtazame mwanafunzi aliyeshuhudia. Usiku ule alimwona mwenzake akipita na chupa ya petroli. Akisema, atalipa sawa na wenzake, na juu yake ataitwa msaliti, pengine apigwe. Akinyamaza, atalipa ileile na kulala salama. Shule yenyewe imemfundisha kwamba ukweli wake haubadilishi kitu. Naye aliyewasha kiberiti amepunguziwa mzigo: tuseme wanafunzi ni 800, basi fungu lake ni moja katika 800, sawasawa na la mtoto aliyekuwa usingizini.

Watetezi wa faini hii huitaja methali ya samaki mmoja akioza. Methali hiyo inaeleza jinsi kundi linavyochafuliwa jina na mmoja wao. Haipimi hatia ya mtu. Hoja yao nzito ni nyingine: walimu si wapelelezi, na mamia ya wanafunzi walioamua kunyamaza hawahojiki kwa urahisi. Ni kweli. Ndiyo maana uchunguzi ni kazi ya polisi, kwa kuwa kuchoma jengo ni jinai. Shule ikichukua hatua zake za nidhamu, inafungwa na kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoathiriwa. Kugawanya hasara kwa idadi ya vichwa si sababu.

Tena mzigo wenyewe haulingani. Mzazi mwenye mshahara hulipa siku hiyohiyo. Binti wa mchuma majani chai hukaa nyumbani hadi mbuzi auzwe. Hivyo anaondolewa shuleni, bila kikao chochote, mtoto ambaye hakuna aliyemshtaki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga. Haikukusudia nafasi ya kiboko ichukuliwe na mfuko wa mzazi.

Wizara ya Elimu ipige marufuku faini yoyote ya uharibifu isiyotokana na uamuzi unaomtaja mwanafunzi mmoja mmoja, baada ya yeye na mzazi wake kusikilizwa. Mkosaji asipopatikana, ukarabati ulipiwe na bima au bajeti ya serikali. Na anayejitokeza kusema alichokiona asitozwe hata senti, wala jina lake lisifike bwenini.