Anwani ya Maarifa: Utunzaji wa Marejeo kutoka Kadi hadi Programu

Marejeo, yaani taarifa za mwandishi, jina la kazi, mwaka na mchapishaji, humrudisha msomaji kwenye chimbuko la hoja, na historia ya kuyatunza ni historia ya juhudi za kuhakikisha kwamba kila kinachochukuliwa maktabani kinatoka na anwani yake. Katika karne ya 16, Conrad Gessner wa Zürich, ambaye mwaka 1545 alichapisha orodha kubwa ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, aliwaelekeza wasomi wanakili dondoo, wazikate vipande na kuvipanga kwa mada, ili kila kipande kiweze kuhamishwa bila kuvuruga vingine.

Wepesi huo wa kuhamisha ndio ulioipa nguvu katalogi ya kadi iliyoenea maktabani katika karne ya 19, kwa kuwa daftari la orodha likishajaa halikuwa na nafasi ya kuingiza kitabu kipya mahali kinapostahili, ilhali kadi mpya ilipenyezwa tu kati ya mbili za zamani. Wasomi na wanafunzi nao walijiwekea visanduku vyao vya kadi, lakini kadi moja ilikaa chini ya mada moja, na aliyeihitaji chini ya mada ya pili alilazimika kuinakili.

Majarida yalipohamia kwenye intaneti, tatizo la kutunza marejeo lilichukua sura nyingine. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI, mpango uliovifungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, majarida ya tiba. Hata hivyo, makala ya mtandaoni haina rafu, na kiungo kilichohifadhiwa baada ya kuingia kupitia seva ya maktaba mara nyingi hufa pindi muda wa matumizi unapokwisha, mwanafunzi akabaki na anwani isiyofunguka. Tiba ya udhaifu huo ni DOI, kitambulisho cha kudumu cha hati ya kidijitali, ambacho taasisi ya kukisimamia iliundwa mwaka 1998, na ambacho huendelea kuelekeza kwenye makala hata mchapishaji akihamisha tovuti, mradi asajili anwani mpya.

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani kilitoa Zotero, programu ya bure inayochukua taarifa za makala, pamoja na DOI yake, moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na kuiwezesha rekodi moja kukaa chini ya mada nyingi bila kunakiliwa.

Pamoja na hayo, programu hurithi kile ilichokikuta. Mwandishi Shaaban Robert, kwa mfano, aweza kuorodheshwa chini ya Shaaban mahali pamoja na chini ya Robert mahali pengine, hivyo mtu mmoja akageuka wawili katika hazina ya mwanafunzi. Kazi ya mwandika kadi, ya kusoma ukurasa wa jina na kuamua, ingali ya binadamu, na inafaa ifanywe siku ileile rekodi inapohifadhiwa, kitabu kingali wazi mbele ya msomaji.