Sabufa na amplifaya ya gari: Mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Kituntu, Karagwe. Kahawa imeuzwa, hela ipo mfukoni, na ile Noah inayopiga safari za Kayanga inataka muziki. Wengi huingia dukani na swali moja tu: "Ipi ina wati nyingi?" Wiki mbili baadaye besi inakoroma, betri inalala na gari asubuhi linasukumwa.

Sabufa na amplifaya lazima vilingane, na vyote viwili vilingane na umeme wa gari. Haya ndiyo ya kuangalia, iwe unanunua Bukoba, Mwanza, Kariakoo au ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Wati za kwenye boksi zisikutishe

Kwenye boksi kuna namba mbili. Ile kubwa, MAX au PEAK, ni ya kuvutia mteja. Ile ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuihimili mfululizo. Sabufa iliyoandikwa "1200W MAX" inaweza kuwa na RMS 300 tu.

Amplifaya ina njia yake ya kuiumbua: tazama fyuzi zake. Chukua ampea za fyuzi zote, zidisha kwa volti 13.8, ambazo ni umeme wa kawaida wa gari likiwa linaunguruma. Fyuzi ya ampea 30 inakupa wati 414 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D hutoa karibu asilimia 80 ya hizo, kama wati 330. Ya daraja AB hutoa pungufu zaidi, karibu nusu.

Kwa hiyo ukiona "5000W" na ndani kuna fyuzi moja ya ampea 30, ujue hapo unapigwa.

RMS ya amplifaya ikaribiane na RMS ya sabufa. Amplifaya dhaifu si salama kama wengi wanavyodhani. Ukiikaza hadi sauti ikwaruze, ule mkwaruzo unaunguza koili ya sabufa.

Omu: hapa ndipo amplifaya nyingi hufia

Omu ni kiasi ambacho sabufa inaukinza umeme. Omu zikishuka, amplifaya inatoa nguvu zaidi lakini inachemka zaidi.

Sabufa nyingi zina koili mbili. Kama kila koili ni omu 4, zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) unapata omu 2. Zikiungwa kwa mfululizo unapata omu 8. Sabufa yenye koili mbili za omu 2 inakupa omu 1 au omu 4.

Soma kwanza amplifaya inavumilia hadi omu ngapi. Kama mwisho wake ni 2 na fundi akaiunga kwenye 1, itajizima kila dakika au itaungua kabisa. Muulize fundi kabla hajakaza skrubu: "Hapa tunapata omu ngapi?" Akibabaika, tafuta mwingine.

Inchi ngapi zinatosha?

Kwa Probox au Spacio, inchi 10 inatosha na mizigo bado inapata nafasi. Kwa Noah au Hiace, inchi 12 inajaza gari vizuri. Inchi 15 inataka boksi kubwa, na kwenye gari la abiria hiyo ni nafasi ya siti.

Boksi nalo lina kazi yake. Lililozibwa kabisa linatoa besi kavu, iliyonyooka. Lenye tundu linatoa kishindo zaidi kwa nguvu ileile, lakini likipimwa kwa kubahatisha linanguruma ovyo. Fuata vipimo vilivyo kwenye karatasi ya sabufa.

Kwa anayetaka besi kidogo bila kubeba boksi, zipo sabufa nyembamba za chini ya siti zenye amplifaya yake ndani. Hazitatikisa mtaa, ila hazisumbui betri.

Ile sabufa ya sebuleni, ya umeme wa volti 230, iache nyumbani. Kuiendesha kwenye gari kupitia inveta ni kupoteza umeme bure.

Waya usibanie

Gari linalokwenda kwa umeme hafifu haliungui mara nyingi. Linaloungua ni lile lililofungwa waya mwembamba. Sheria tatu:

1. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Waya ukichubuka mahali popote, fyuzi inakatika kabla moto haujaanza.

2. Unene ulingane na mzigo. Namba ikipungua, waya unanenepa. Namba 8 inafaa hadi karibu ampea 50. Zaidi ya hapo weka namba 4.

3. Waya wa hasi uwe mfupi na ufungwe kwenye bodi ya chuma iliyokwanguliwa rangi. Hasi mbovu ndiyo inaleta ule mlio unaopanda ukikanyaga mafuta.

Nyaya nyingi za bei chee ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Ukilazimika kuutumia, chukua ulio mnene zaidi.

Angalia pia alteneta. Amplifaya ya daraja D yenye RMS 500 inaweza kuvuta karibu ampea 45 ikikazwa. Taa, feni na wipa navyo vinakula humohumo. Taa zikififia kila besi inapogonga, umeme hautoshi. Kuongeza betri bila kuongeza alteneta kunasogeza tatizo mbele tu.

Barabara ya vumbi ina mambo yake

Kwenye vumbi na makorongo, skrubu hulegea. Kaza miunganisho kila baada ya miezi michache. Amplifaya isilale chini ya zulia wala isifunikwe na mizigo. Inahitaji hewa, na vumbi kwenye mapezi yake lipigwe brashi.

Boksi lifungwe kwenye bodi kwa bolti au mkanda. Boksi la kilo 20 lisilofungwa, siku ya breki ya ghafla linakuja mbele na abiria.

Usisahau redio. Magari mengi kutoka Japani huja na redio ya kuanzia 76 hadi 90 FM, hivyo vituo vya juu ya hapo havishiki. Ukibadilisha redio, chukua yenye tundu za RCA nyuma kwa ajili ya amplifaya.

Kuseti: GAIN si kitufe cha sauti

GAIN inalinganisha amplifaya na redio. Ukiifungua yote, unapata mkwaruzo. Fundi mwenye mita anafanya hivi: anazidisha wati kwa omu, kisha anatafuta kipeo cha pili. Wati 300 kwa omu 2 ni 600, na kipeo chake ni karibu volti 24.5. Anachomoa sabufa, anaweka redio robo tatu ya sauti, anapiga mlio wa 50Hz, kisha anapandisha GAIN hadi mita isome hapo.

LPF iwekwe karibu 80Hz, ili sauti za waimbaji zibaki kwenye spika za mlangoni.

Masikio na majirani

Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane ndicho kikomo kinachopendekezwa kazini. Kila ikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu. Dereva wa abiria anashinda humo kutwa nzima, na asiposikia honi ya nyuma hatari ni ya wote.

Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC inazisimamia. Ukifika kijijini usiku, punguza.

Kabla hujatoa hela, uliza haya

RMS ni ngapi? Fyuzi ni ampea ngapi? Mwisho omu ngapi? Waya ni shaba tupu? Naweza kusikia ikilia hapa dukani?

Muuzaji asiyejibu hayo anakuuzia boksi tu.